Somo la 8: Mjane Chini ya Mabawa

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Ruthu 1–4, Walawi 19:9, 10, Kumbukumbu la Torati 25:5–10, Mhubiri 9:5, 6, Luka 2:36–38, Luka 20:27–38, Warumi 7:2, 3, 1 Wakorintho 7:39, 40, 1 Timotheo 5:3–16.

Fungu la kukariri: Ruthu 2:12. Lifungue katika Biblia yako, ulisome kwa sauti mara tatu, kisha ulikariri. Angalia hasa neno "mabawa", kwa maana litarudi katika somo la Jumanne.

Mume anapofariki, nyumba hujaa watu. Turubai husimamishwa, sufuria kubwa hukaa mekoni mchana kutwa, na nyimbo huimbwa hadi usiku. Baada ya mazishi turubai hushushwa, wageni hurudi kwao, na mjane hubaki na watoto, madeni na ukimya wa chumba. Hapo ndipo safari yake huanza.

Katika safari hiyo, huenda siku moja mjane akampenda mtu tena. Ni habari njema, lakini mara nyingi husemwa kwa kunong'ona. Wengine husema kwamba hakumpenda marehemu. Ndugu wa mume huuliza habari za shamba na nyumba. Watoto hunyamaza. Hata kanisani wapo wanaohesabu miezi tangu siku ya mazishi. Na mjane mwenyewe hujiuliza moyoni kama kufurahi tena ni kumsaliti yule aliyelala.

Kitabu cha Ruthu kinajibu swali hilo kwa sura 4 na mafungu 85 tu. Kinaanza na makaburi matatu na kumalizika na mtoto mapajani mwa bibi. Katikati yake kuna mjane anayependwa tena, na Mungu haoni aibu kuiweka habari hiyo katika Neno Lake. Juma hili tutaona kwamba upendo mpya unaotoka kwa Bwana haumfuti aliyekufa, haumdhulumu aliye hai, wala hauhitaji giza.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.


JUMAPILI

Makaburi Matatu ya Moabu

Soma Ruthu 1:1–14. Naomi anawaombea nini wakwe zake kabla ya kuagana nao? Ombi hilo linaonyesha nini kuhusu mtazamo wake juu ya ndoa ya pili?

Njaa ilimtoa Elimeleki katika Bethlehemu, mji ambao jina lake lina maana ya nyumba ya mkate. Alihamia Moabu pamoja na Naomi mkewe na wana wao wawili. Elimeleki akafa. Wana wakaoa wanawake wa Moabu, na baada ya yapata miaka 10 nao wakafa. Nyumba moja ikabaki na wajane watatu, wala hapakuwa na mjukuu hata mmoja.

Njiani kurudi Yuda, Naomi anawasihi Orpa na Ruthu warudi kwa mama zao. Anamwomba Bwana amjalie kila mmoja wao kupata raha katika nyumba ya mume mwingine. Neno la Kiebrania analotumia, menuha, ni pumziko, mahali pa kutua mzigo baada ya mwendo mrefu. Anayeomba hivyo ni mama mzazi wa marehemu! Angeweza kutaka wakwe zake wawaomboleze wanawe siku zote za maisha yao. Badala yake anakiri kwamba waliwatendea wema hao waliokufa, kisha anawafungulia mlango.

Soma Warumi 7:2, 3 na Mhubiri 9:5, 6. Mafungu haya yanasema nini juu ya kifungo cha ndoa baada ya kifo, na juu ya hali ya wafu?

Paulo anatumia sheria ya ndoa kama mfano wa jambo jingine, lakini mfano wenyewe unasimama imara: mume akifa, mke amefunguliwa. Naye Mhubiri anaeleza kwamba wafu hawana wanalolijua, na kwamba upendo, chuki na wivu wao vimekoma. Basi aliyelala hamwonei wivu mkewe. Hamtumii ndoto za kumkataza, wala hadai atulizwe. Mila zinazomlazimisha mjane alale na mwanamume fulani ili "atakaswe" na kivuli cha marehemu zimejengwa juu ya fundisho ambalo Biblia hailijui. Mjane aliyefundishwa ukweli juu ya hali ya wafu amewekwa huru mbali na hofu hiyo.

Hata hivyo, kuwa huru si kuharakishwa. Naomi anafika Bethlehemu akiwa na uchungu, anataka aitwe Mara, na Biblia haimkemei. Ruthu naye hakuingia mjini akitafuta mume. Aliingia akiwa amemchagua Mungu wa Israeli na kushikamana na mama mkwe wake. Machozi yalipewa nafasi yake kwanza.

Ni maneno gani ambayo watu humwambia mjane ili kumharakisha aache kulia, na ni yapi humzuia asitoke tena katika maombolezo? Wewe umewahi kusema lipi kati ya hayo?


JUMATATU

Debe Moja la Shayiri

Soma Ruthu 2:1–18 pamoja na Walawi 19:9, 10. Orodhesha mambo ambayo Boazi alimtendea Ruthu siku ile ya kwanza. Ni lipi kati ya hayo lililomgharimu?

Sheria ya Mungu ilimtaka mwenye shamba asivune hadi pembezoni wala asirudi kukusanya yaliyoanguka. Hayo yalikuwa ya maskini na ya mgeni, na Kumbukumbu la Torati 24:19–21 inawataja pia yatima na mjane. Haikuwa sadaka ya kurushiwa mtu langoni. Mjane aliingia shambani kwa haki, akainama, akaokota, akala jasho lake mwenyewe.

Lakini haki iliyoandikwa haitoshi pasipo mtu wa kuilinda. Mwanamke mgeni, hana mume, hana kaka, yuko shambani kati ya wavunaji vijana. Boazi anaiona hatari hiyo kabla Ruthu hajaisema. Anawaagiza vijana wasimguse. Anamwonyesha maji ya kunywa. Anamkaribisha chakulani mbele ya watu wote. Kisha anawaambia wavunaji wachomoe masuke kutoka katika miganda na kuyaacha makusudi, ili aokote pasipo kuaibishwa.

Jioni Ruthu anapura alichookota na kupata kama efa moja, ambayo ni takriban lita 22. Kwa kipimo cha sokoni, hilo ni debe moja na ziada kidogo. Hakuna mwokotaji anayepata kiasi hicho katika siku moja isipokuwa mtu amemfungulia mkono. Na chakula alichobakiza mchana anampelekea Naomi.

Angalia kwamba katika sura hii yote Boazi hasemi neno lolote kuhusu ndoa. Wema wake hauna bei iliyofichwa. Hamwambii Ruthu kwamba shayiri ya leo italipwa kesho kwa njia nyingine. Mavuno ya shayiri yanapita, ya ngano yanafuata, na Ruthu anaendelea kuokota na kurudi nyumbani kwa mama mkwe wake (Ruthu 2:23). Yalikuwa majuma mengi ya kutazamana tabia mchana, kazini, mbele ya watu.

Hili ni la muhimu sana. Mjane mwenye watoto shuleni na kodi ya nyumba isiyolipwa yuko katika hali ambayo msaada wowote unaweza kuonekana kama upendo. Wako wanaume wanaolijua hilo na kulitumia. Mtu anayelipa ada ya shule kisha akaja usiku kudai shukrani hajamsaidia mjane, amemnunua. Mwanamume wa Mungu hutambulikana kwa jinsi anavyomlinda mwanamke ambaye bado hana haki yoyote juu yake.

Tazama pia jinsi Boazi anavyowasalimu wafanyakazi wake na jinsi wanavyomwitikia (Ruthu 2:4). Jina la Bwana liko kinywani mwake siku ya kazi. Paulo anapomruhusu mjane kuolewa na mtu ampendaye, anaweka sharti moja tu, kwamba iwe katika Bwana (1 Wakorintho 7:39). Imani ya mtu haipimwi kwa suti yake ya Sabato peke yake. Wanaofanya kazi chini yake wanaijua.

Kanisa lenu lina utaratibu gani wa kuwasaidia wajane, ili pasiwe na mjane anayelazimika kuchagua mume kwa sababu ya njaa?


JUMANNE

Bawa na Upindo

Soma Ruthu 2:12 na Ruthu 3:1–18. Boazi alimwombea Ruthu nini shambani, na Ruthu anamwomba Boazi nini kwenye uwanja wa kupuria?

Kwa Kiebrania maombi haya mawili yamefungwa kwa neno moja. Shambani Boazi alisema kwamba Ruthu amekuja kukimbilia chini ya mabawa ya Bwana. Neno hilo ni kanafu. Kwenye uwanja wa kupuria, Ruthu anamwomba Boazi amtandazie upindo wa vazi lake, na neno la upindo ni lile lile, kanafu. Ni kama anamwambia: "Uliniombea bawa la Mungu. Wewe ndiwe unayeweza kuwa bawa hilo."

Basi ombi la Boazi lilimrudia mwenyewe likiwa wajibu. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Mungu wa Zaburi 68:5, mtetezi wa wajane, hulitandaza bawa Lake kwa kutumia mikono ya watu.

Jambo la pili ni kwamba Ruthu anazungumza. Naomi alikuwa amemwagiza aende, alale miguuni pa Boazi na kungoja kuambiwa la kufanya (Ruthu 3:4). Ruthu anakwenda mbele ya agizo hilo na kusema analolitaka. Mjane si mtoto wa kupangiwa kila kitu na ukoo, wala mali ya kugawanywa. Ana akili, ana hiari, na Mungu anaipa sauti yake nafasi katika Maandiko.

Soma tena Ruthu 3:10–14. Boazi angeweza kutumia vibaya nafasi aliyokuwa nayo usiku ule. Alifanya nini badala yake?

Hatupaswi kulichukua tukio la usiku ule kuwa kielelezo cha kukutana gizani. Kinachofaa kuigwa ni jinsi Boazi alivyoenenda. Anamwita Ruthu mwanamke mwema, na kwamba mji mzima unalijua hilo. Anakubali ombi lake, lakini anamweleza ukweli ambao ungeweza kumpotezea nafasi, kwamba yupo ndugu aliye wa karibu kuliko yeye. Hamgusi. Analilinda jina lake hadi asubuhi. Naye anaahidi kulimaliza jambo siku ile ile.

Halafu anampimia vipimo sita vya shayiri ili asirudi kwa mama mkwe wake mikono mitupu (Ruthu 3:17). Msomaji wa Kiebrania anashtuka hapa, kwa kuwa neno hilo la utupu ndilo Naomi alilolitumia alipolia kwamba Bwana amemrudisha mtupu (Ruthu 1:21). Upendo unaoanza kwa Ruthu unaanza pia kuujaza utupu wa Naomi.

Kwa nini ni muhimu kwamba Boazi alisema ukweli juu ya yule ndugu wa karibu kabla ya kuahidi lolote? Ni ukweli gani ambao watu wanaotaka kuoana baada ya kufiwa hufichana?


JUMATANO

Langoni, Mchana Kweupe

Soma Ruthu 4:1–12 na Kumbukumbu la Torati 25:5–10. Kwa nini yule ndugu wa karibu alilitaka shamba lakini akamkataa mjane?

Asubuhi Boazi anakwenda langoni, mahali pa hukumu na mapatano, na kuwaketisha wazee 10. Anaanza na jambo la shamba la Elimeleki. Yule ndugu anakubali mara moja. Anaposikia kwamba pamoja na shamba kuna mjane, na kuna jina la marehemu la kusimamishwa katika urithi, anarudi nyuma kwa kuogopa kuuharibu urithi wake mwenyewe. Anavua kiatu chake, na haki ya kukomboa inamhamia Boazi.

Maandiko hayalitaji jina la mtu huyo. Kwa Kiebrania Boazi anamwita peloni almoni, sawasawa na sisi tunavyosema "fulani". Alitaka kulinda jina na urithi wake, naye akabaki Fulani hadi leo.

Baadhi ya watu huichukua habari hii kuwa ruhusa ya kurithi wajane. Lakini linganisha. Sheria ya Kumbukumbu la Torati iliwahusu ndugu waliokaa pamoja, na shabaha yake ilikuwa kuhifadhi jina la marehemu na kumpa mjane ulinzi. Boazi hakuwa ndugu wa Mahloni wa tumbo moja. Alijitoa kwa hiari. Ruthu ndiye aliyeomba. Naye Boazi alitoa mali yake ili jina la mwingine lisipotee. Mahali ambapo shemeji humchukua mjane kwa nguvu ili apate shamba, ng'ombe au nyumba, anayefuatwa si Boazi. Ni Fulani, tena aliyemzidi kwa ubaya, kwa kuwa Fulani alimwacha mjane huru.

Sheria za nchi nazo zinamlinda mjane. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kuishi apendapo, kubaki bila kuolewa, au kuolewa tena na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vinginevyo. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja kurithiwa kwa lazima na "utakaso" wa wajane miongoni mwa ukatili huo. Mkristo anayemtetea mjane katika jambo hili hashindani na wazee. Anasimama na Mungu wa wajane, na sheria ya nchi iko upande wake.

Kuna hekima nyingine langoni. Boazi alishughulikia shamba kabla ya arusi. Mjane anayetazamia kuolewa hufanya vema kufuata mpangilio huo. Mirathi ya marehemu ifunguliwe na msimamizi ateuliwe. Haki za watoto wa marehemu ziandikwe na zijulikane. Madeni yatajwe. Wote wawili wapime afya zao na kuonyeshana majibu. Mchungaji na wazee wa kanisa wahusishwe mapema, si juma la arusi. Mambo haya hayapunguzi upendo. Yanauondolea maneno ya pembeni na kuwapa watoto utulivu.

Uchumba unaoogopa kuonekana na wazee, watoto au mchungaji unakuambia nini juu ya hali yake?


ALHAMISI

Jina la Mahloni

Soma Ruthu 4:9, 10, 13–17. Boazi anamtaja nani mbele ya mashahidi wakati anapomchukua Ruthu kuwa mkewe?

Tangu sura ya kwanza msomaji anajua kwamba Ruthu aliolewa na mmoja wa wana wa Naomi, lakini haambiwi ni yupi. Mahloni au Kilioni? Jibu linakuja mara moja tu katika kitabu chote, tena kinywani mwa mume mpya. Boazi anasimama mbele ya mji na kusema kwamba Ruthu alikuwa mke wa Mahloni, na kwamba anamchukua ili jina la marehemu lisikatiliwe mbali na ndugu zake na lango la mji wake.

Hili ndilo jibu la swali la mjane tuliloanza nalo. Boazi hakumwambia Ruthu asahau. Hakutaka nyumba ambamo jina la Mahloni halitajwi. Mwanamume asiye na hofu aliweza kumpenda mjane pamoja na kumbukumbu zake zote. Mume mpya anayedai picha ya marehemu ishushwe ukutani, au watoto wasimtaje baba yao, anaomba jambo ambalo Boazi hakuliomba. Naye mjane aliyeolewa tena anajifunza upande wa pili: kumkumbuka marehemu kwa heshima bila kumtumia kila siku kuwa kipimo cha kumhukumia mume aliye naye.

Wala Naomi hakuachwa nyuma. Obedi anapozaliwa, anawekwa mapajani mwa Naomi, naye anamlea. Wanawake wa mtaa wanasema kwamba mwana amezaliwa kwa Naomi, ingawa kwa damu mtoto huyo hakutoka kwa mwanawe. Wanamkumbusha kwamba mkwewe ampendaye ni bora kwake kuliko wana saba. Ndoa ya pili ya Ruthu haikumnyang'anya mama mkwe binti, ilimwongezea mjukuu. Naomi aliyeomba njiani kwamba wakwe zake wapate pumziko, mwisho alipumzika yeye mwenyewe katika nyumba hiyo.

Kisha kitabu kinafunga kwa ukoo: Obedi alimzaa Yese, na Yese akamzaa Daudi. Mathayo 1:5 inamtaja Ruthu kwa jina katika ukoo wa Yesu. Mkombozi wa wote alikuja kwa njia ya nyumba iliyojengwa na mjane na mume wake wa pili.

Soma Luka 20:27–38. Yesu aliwajibu nini wale waliouliza kuhusu mwanamke aliyeolewa zaidi ya mara moja?

Swali la Masadukayo lilikuwa mtego, lakini kwa wajane wengi ni wasiwasi wa kweli: siku ya ufufuo, atakuwa mke wa nani? Yesu anajibu kwamba maisha ya ulimwengu ule hayapimwi kwa utaratibu wa ndoa wa ulimwengu huu. Hatuambiwi mengi zaidi. Tunaambiwa ya kutosha kujua kwamba ndoa ya pili iliyo halali si deni litakalodaiwa asubuhi ya ufufuo, na kwamba Mungu aliye Mungu wa walio hai hatamwaibisha mtu aliyemtumaini.

Kama wewe ni mtoto, shemeji au mama mkwe wa mjane, ni jambo gani moja unaloweza kufanya juma hili ili ajue kwamba furaha yake haijakuwa msiba wako?


IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Soma 1 Timotheo 5:3–16, 1 Wakorintho 7:39, 40, Luka 2:36–38.

Si kila Ruthu atampata Boazi, na si kila mjane anamtaka. Paulo anawashauri wajane vijana waolewe na kutunza nyumba zao, na katika sura hiyo hiyo anataka kanisa limheshimu mjane aliyebaki peke yake na kumwekea Mungu tumaini lake. Kwa Wakorintho anasema kwamba mjane yuko huru kuolewa, kisha anaongeza kwamba kwa maoni yake atakuwa heri zaidi akikaa alivyo. Njia zote mbili ziko wazi mbele za Bwana. Kanisa halina mamlaka ya kuifunga mojawapo.

Ana, binti Fanueli, alikaa na mumewe miaka 7 tu. Baada ya hapo aliishi mjane hadi uzeeni sana, akiabudu hekaluni usiku na mchana, naye akawa miongoni mwa watu wa kwanza kumtangaza mtoto Yesu huko Yerusalemu.

Ellen G. White naye aliifahamu njia hii. Aliolewa na James White mwaka 1846. James alifariki tarehe 6 Agosti 1881, wakiwa wameishi pamoja karibu miaka 35. Mjane huyo alikuwa na umri wa miaka 53. Hakuolewa tena. Katika miaka karibu 34 iliyosalia, alihudumu Ulaya kuanzia mwaka 1885 hadi 1887 na Australia kuanzia mwaka 1891 hadi 1900, na kitabu chake Tumaini la Vizazi Vyote kilitoka mwaka 1898. Ujane haukuwa mwisho wa kazi yake.

Ruthu aliyeolewa tena, na Ana ambaye hakuolewa, walikuwa chini ya mabawa yale yale. Kwa mmoja, bawa lilikuwa vazi la Boazi. Kwa mwingine, lilikuwa nyua za hekalu. Mjane hahitaji kuolewa ili awe mtu kamili, wala hahitaji kubaki peke yake ili awe mwaminifu. Anahitaji kuwa chini ya bawa la Mungu, na kuwa na watu wanaoogopa kumdhulumu.

Maswali ya Kujadili

1. Neno la Kiebrania hesed, yaani wema wa uaminifu, linatokea katika Ruthu 1:8. 2:20 na 3:10. Katika kila fungu, nani anamtendea nani wema huo? Linganisheni majibu yenu darasani.

2. Tuseme mjane wa kanisani kwenu, mwenye watoto watatu, anamweleza mzee wa kanisa kwamba amepata mchumba Mwadventista ambaye ni mgane. Ndugu wa marehemu wanatishia kuchukua nyumba, na binti yake mkubwa hataki kusikia habari hiyo. Kwa kufuata mambo yaliyofanyika langoni katika Ruthu 4, mzee huyo amsaidie kwa hatua zipi, na aanze na ipi?

3. Kwa nini mgane akioa baada ya muda mfupi watu humwonea huruma, lakini mjane akifanya hivyo humlaumu? Je, Maandiko mliyosoma juma hili yanakubali vipimo hivyo viwili?

4. Fundisho la hali ya wafu linawezaje kumfariji mjane anayeogopa kwamba marehemu atamkasirikia? Andaeni jibu fupi ambalo mtu asiye Mwadventista angeweza kulielewa.

5. Ni wajane na wagane wangapi walio katika darasa lenu la Shule ya Sabato? Ni nani aliyewatembelea tangu turubai liliposhushwa? Kabla ya kufunga kwa maombi, pangeni ni nani atakayekwenda juma hili, na siku gani.